Mlango wa Nyuma wa Mashine ya Bi. Lorraine

Wiki tatu zimepita tangu nilipokabidhi funguo za karakana, na mke wangu ameshanifukuza jikoni mara mbili kwa kosa la kufungua tosta isiyokuwa na ugonjwa wowote. Ameniambia nitafute la kufanya kabla hatujakosana. Basi nawaandikia ninyi mliobaki pale karakanani Hopkins, wewe Espérance kwanza, kisha yeyote atakayerithi kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi. Habari za vyeo hamtazipata humu, maana karakana ya watu wawili watatu haina ngazi ya kupanda. Nitaandika kazi, na ile siku moja ya kazi ambayo nimekuwa nikikwepa kuisimulia yote.

Nilifika huku Marekani nikiwa fundi wa taipureta. Kisii mjini nilikuwa na meza yangu kando ya duka la vitabu, na makarani waliniletea mashine zao zikiwa zimejaa makombo ya mandazi na majivu ya sigara. Kompyuta zilipoingia, meza ikabaki na mimi na vumbi. Hapa Minnesota nilianza kama wenzangu wengi, katika nyumba ya wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza. Sikuichukia kazi hiyo. Katika chumba kimoja alilazwa bibi ambaye saa yake ya ukutani ilikuwa imesimama, na siku moja wakati wa mapumziko nikaifungua kwa kisu cha siagi. Mumewe akaingia akanikuta nimeimwaga yote mapajani. Nilijua kibarua kimeota nyasi. Yule mzee akavuta kiti, akanitazama mpaka nikarudisha kila kitu mahali pake na saa ikaanza kugonga.

"Una mikono," akasema. "Jumatatu njoo kwangu."

Huyo ndiye Walter, na hayo ndiyo mahojiano pekee ya kazi niliyowahi kufaulu bila kuvaa tai.

Jumatatu hiyo theluji ilikuwa magotini. Nilishuka basi, nikapotea, nikafika nimechelewa na viatu vimelowa. Walter alinionyesha mashine zilizopangwa ukutani, nami sikujua ni nini. Alipoivuta moja mkono wake wa ubavuni, magurudumu matatu yenye picha za cheri, ndimu na kengele yakazunguka nyuma ya kioo, yakasimama moja baada ya jingine, tak, tak, tak. Mashine za kamari! Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa! Nilitaka kurudi kituo cha basi. Kisha akafungua mlango wa nyuma nikaona ndani: springi, vijiti, meno ya shaba, na kifeni kidogo kinachozunguka ili kupima muda. Hakuna umeme wala waya. Ilikuwa taipureta iliyopotoka maadili, basi. Nikavua koti.

Somo la kwanza la Walter lilikuwa kuweka mikono mfukoni. Mashine mpya ikiingia inakaa mezani siku tatu, unaitazama, unaandika daftarini, unapiga picha, huigusi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu. Kisii mteja anataka kuona mng'ao. Ukimrudishia taipureta yenye vumbi, hata kama inaandika vizuri, ataona hujafanya kitu. Kwa hiyo siku ya pili, Walter alipotoka kununua kahawa, nilichukua kitambaa chenye mafuta ya taa nikasugua kijiti kimoja mpaka kikang'aa. Aliporudi hakunisemesha mpaka saa ya chakula.

"Lile doa ulilolifuta," akasema akimenya yai lake la kuchemsha, "lilikuwa linaniambia kijiti kile kimekaa humo tangu kiwandani. Sasa hakiniambii kitu."

Ndivyo nilivyojifunza kutambua umri wa mashine. Wageni wakija huuliza namba ya mashine, na namba ipo, imegongwa kwenye mbao na kwenye chuma. Lakini mashine hizi ziliishi maisha ya kukimbia. Polisi walizivunja, wenyewe wakaunganisha uso wa hii na tumbo la ile, na nyingine zikafungiwa kitundu cha kutoa peremende ili mwenye baa aseme anauza peremende tu. Namba inaweza kuwa ya marehemu. Kwa hiyo unasoma vingine vyote: rangi iliyojificha chini ya kitasa, jinsi mbao ilivyokauka, karatasi ya zawadi iliyobanduka, ile inayoonyesha mashine inalipa nini, na zaidi ya yote skrubu. Skrubu zenye mfereji mmoja ni za zamani. Zile za nyota zilikuja baadaye. Walter alisema skrubu haidanganyi. Katika yote aliyonifundisha, hilo ndilo lililokuja kuniponza, na kosa halikuwa lake.

Kanisani mambo yalikuwa na moto wake. Sisi Wakenya wa hapa tukikutana baada ya ibada, kila mtu anajua mwenzake anafanya kazi wapi: huyu hospitali, huyu hospitali, huyu hospitali. Nikiulizwa nilikuwa nasema ninatengeneza mashine za kale. Mwaka mmoja wakapendekeza jina langu niwe mzee wa kanisa, na mchungaji akasema angependa kutembelea mahali pangu pa kazi, apaombee.

"Sasa Baba Kerubo," mke wangu akanicheka akifunga viatu aende zamu yake mjini Maplewood, "uta-explain aje? Utamwambia hizo cheri ni za nini?"

"Nitamwambia ni matunda."

"Matunda ya Edeni, ama?"

Mchungaji alikuja. Alizunguka, akatazama, akauliza mashine zinakwenda wapi zikitoka kwangu. Nikamwambia: nyumbani kwa watu, sebuleni, na nyingine makumbusho. Halafu akauliza kama anaweza kuvuta mkono mmoja. Alivuta mara nne. Mara ya nne kengele tatu zikajipanga na mashine ikamtapikia sarafu za kuchezea, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniombea kwa haraka kidogo, tukatoka. Uzee wa kanisa niliupata, lakini mada ya mahali pangu pa kazi haikurudiwa tena mimbarini.

Walter alipochoka aliniachia karakana, na baadaye wewe Espérance ukaja. Familia yako ilikuwa imetoka Bukavu kupitia kambini, ukaniambia baba yako alikuwa akitengeneza redio, nami sikuhitaji barua nyingine ya utambulisho. Ulikuwa na subira kuliko mimi. Siku tatu za mikono mfukoni ulizikaa bila kunung'unika, na mara nyingine ya nne ukaiongeza mwenyewe. Kufikia wakati huo mimi nilikuwa nimeota pembe. Watu walinitumia picha kutoka majimbo mengine ili niwaambie umri wa mashine zao, nami nilijibu kabla chai haijapoa. Ukifika hapo kwenye kazi hii, jihadhari na wewe mwenyewe.

Bi. Lorraine aliileta mashine yake kutoka Maplewood, imelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, imefungwa mkanda kama mjukuu. Alikuwa mwanamke mrefu wa zaidi ya miaka sabini, mwenye maneno machache. Alisema ilitoka kwenye baa iliyokuwa mwisho wa mtaa wao alipokuwa mtoto. Wenyewe walipofunga wakampa. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulipotea zamani na hajawahi kuona ndani. Alitaka tu itembee tena. Nilimwahidi.

Kufuli ilinichukua asubuhi nzima. Mlango ulipofunguka nikaona mbao yake imefifia, ina uchafu mweusi wa mafuta, na bawaba zake zimeshikwa na skrubu za nyota. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko skrubu hizo. Nikasema moyoni, mlango huu si wake, umebandikwa baadaye na fundi wa mtaani. Nikapiga picha moja ya haraka, kwa kuwa ni sheria. Kisha mimi, mhubiri wa siku tatu, niliupa mlango ule dakika tatu. Niliulaza mezani nikaupiga msasa upande wa ndani mpaka mbao ikawa nyeupe kama kifua cha kuku. Nilifurahia hata harufu yake.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Bi. Lorraine aliuliza kama nimefaulu kufungua nyuma. Nikamwambia ndiyo, bila shida.

"Nilikuwa sitaki kukuambia mapema," akasema, "nilitaka uone mwenyewe. Baba yangu, Halvor, alikuwa fundi wa mashine hizi. Alizunguka baa hadi baa. Alifariki nikiwa na miaka sita, na nyumba yetu iliungua mwaka uliofuata, kwa hiyo sina hata barua moja ya mkono wake. Mama aliniambia mafundi walikuwa wakiandika kwa penseli ndani ya mlango wa nyuma kila walipotengeneza. Siku, na herufi za jina. Je, kuna maandishi?"

Nilimwambia nitaangalia vizuri nimpigie. Huo ulikuwa uongo, maana hapakuwa na cha kuangalia. Niliweka simu chini nikaenda kwenye ile picha, nikaikuza kwenye kompyuta. Chini ya uchafu, kwenye kona ya juu, ilikuwepo mistari minne ya penseli. Tarakimu hazikusomeka. Lakini mwisho wa kila mstari zilionekana herufi mbili zilezile, H na N, zimelala upande. H ya Halvor, na N ya ukoo wao. Nikafungua bawaba nikatazama matundu: chini ya skrubu za nyota palikuwa na matundu madogo ya skrubu za zamani. Mlango ulikuwa wa mashine tangu kiwandani. Fundi alibadilisha skrubu tu, pengine Halvor mwenyewe, kwa sababu zile za zamani zilichoka. Skrubu haikudanganya. Ni mimi niliyesikiliza neno lake moja nikajifanya nimesikia hadithi nzima.

Nitawaambia ninyi wengine nililofanya baada ya hapo, kwa sababu Espérance aliniona. Nilichukua kipande cha mbao ya zamani, nikachonga penseli, nikaiweka picha mbele yangu. Mnajua mkono wangu; karatasi za zawadi nimeziandika upya miaka yote hii na hakuna aliyegundua. Niliiga ile H na ile N. Mara ya tatu zikatoka. Nikapaka uchafu kidogo wa mafuta juu, na hapo hata mimi nisingetofautisha. Nilijiambia ni huruma. Mama mzee atafurahi, nani ataumia?

Espérance akaja nyuma yangu na chai.

"Papa, iko muzuri sana," akasema. Akainama akaitazama tena. "Vraiment, kweli. Hata miye ningeamini ni ya baba yake."

Hakunilaumu, alikuwa akinisifu kwa moyo safi, na ndiyo maana maneno yake yalinichoma. Niliona jinsi yule mama atakavyoketi jioni akipitisha kidole juu ya herufi zangu akidhani anamshika baba yake. Nikatia kile kipande cha mbao kwenye jiko la karakana, nikampigia simu nikamwomba aje kesho yake.

Alikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati safi, sijui kwa nini. Nilimketisha nikamwambia yote kwa mfuatano: skrubu, msasa, picha, hata majaribio ya penseli. Nilimwambia, "Maandishi yalikuwepo, na mimi ndiye niliyeyafuta." Sikuongeza samahani kumi, moja tu.

Aliomba kuona picha, akaitazama muda mrefu. Akaomba kuona mlango. Akapitisha kiganja juu ya ile mbao nyeupe, na hapo uso wake ukabadilika.

"Nimeingojea tangu nikiwa msichana," akasema. "Miaka yote niliogopa kuvunja kufuli nisije nikaharibu kitu. Nikakuletea wewe kwa sababu walisema wewe si mtu wa kuharibu."

Alikuwa amekasirika na alikuwa na haki, na sikutaka kumnyang'anya hasira yake kwa kujitetea. Espérance alisimama karibu na mlango wa karakana, chai mkononi, hajui amwendee nani.

"Nipe penseli," Bi. Lorraine akasema. Nikampa. Akanirudishia. "Hapana, andika wewe. Si ndiyo desturi yenu? Kila fundi anaandika alichofanya. Andika."

Nikaandika ndani ya ule mlango tarehe ya kazi, na chini yake: Nimepiga msasa na kufuta maandishi ya Halvor, fundi wa mashine hii. Nikaweka herufi za jina langu. Niliandika kwa Kiingereza, ili asome bila kunihitaji. Alisoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akavuta pumzi.

"Na kingine kipi alichogusa?" akauliza. "Au hicho nacho umekisafisha?"

Hicho sikuwa nimekisafisha, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa sijaanza kusafisha ndani. Nikaitoa mitambo yote nikaiweka mezani mbele yake. Nilipoanza kumwonyesha ndipo nilipokumbuka nilichokuwa nimeandika daftarini siku nilipofungua mlango na kukiwekea alama ya kuuliza. Kwenye mitambo ya mashine hii kuna pini sita za kukunjwa, zile ambazo zikishapita tunduni unazikunja miguu kwa koleo zisichomoke. Fundi wa kawaida akiketi mezani huzikunja zote kuelekea upande mmoja, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo. Hizi zilikuwa zimekunjwa upande wa pili. Zote. Na kwenye kijiti kimoja kilichochongwa kwa tupa ili kipite vizuri, mikwaruzo ya tupa ililala kinyume na inavyolala mikwaruzo yangu.

"Picha inaonyesha mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiitengeneza," nikamwambia. "Na mtu huyo alitumia mkono wa kushoto."

Nikadhani hajaelewa, nikaanza kueleza tena. Akanizuia kwa kuweka mkono wake mezani, katikati ya vyuma, kiganja juu. Ulikuwa wa kushoto.

"Kwetu ni mimi peke yangu," akasema. "Mama, dada zangu, wajomba, wote wa kulia. Mwalimu alikuwa akinifunga huu nyuma ya kiti. Mama alikuwa akisema hajui nimeutoa wapi." Akakunja vidole vya ule mkono. "Alisema hajui. Sijui kama alisahau au iliuma kukumbuka."

Espérance akaweka chai chini akaja kumshika bega. "Pole, mama," akasema kwa Kiswahili, na yule mama akashika ule mkono wa begani kana kwamba ameelewa.

Pini moja nilikuwa nimeshaitoa ili kulegeza kijiti. Nikampa akaweka kwenye pochi yake, ndani ya bahasha. Kisha nikamwuliza kama angependa kuweka mpya mahali pake, yeye mwenyewe. Akasema hajawahi kushika koleo la aina ile. Nikamwambia ni kama kukunja ncha ya karatasi, na kwamba mimi sitasema lolote, na hilo kwangu ni kazi ngumu kuliko ya pini. Nikaishika mitambo kwa mikono miwili isitikisike. Akaingiza pini tunduni, akachukua koleo, akabana, akakunja.

Ilielekea upande uleule wa nyingine tano.

Alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akaniambia bado amenikasirikia, nami nikamwambia aendelee tu. Mashine ilimaliza wiki mbili zaidi mezani. Aliichukua inatembea, na kila Krismasi hadi nilipostaafu alinitumia kadi, maandishi yake yamelala upande. Nilikuwa na furaha katika kazi hii, wanangu, na hata siku ile ninaihesabu ndani ya furaha hiyo.

Mashine itarudi kwenu siku moja, kwa kuwa springi za aina ile hazidumu. Mkifungua mlango mtakuta nilichokiandika, kisomeni. Ndani kuna pini tano za Halvor na moja ya binti yake. Msizinyooshe.